Serumu ya Zuberi

Kasongo, Ijumaa

Shemeji Zuberi, huko Salamabila,

Salamu zako nimepata. Huku mvua inanyesha, mihogo imeota vizuri, na ndugu yako ameanza tena kula kidogo. Mimi niko, kama ulitaka kujua.

Nimesikia unataka tumushitaki muuguzi Anastasie, eti aliua mutoto wangu kwa kumunyima serumu, yale maji ya mushipa. Anastasie alikuonyesha mwongozo uliobandikwa ukutani: mutoto aliyekonda vile na anaharisha, kama bado anaweza kunywa, anapewa maji ya dawa kwa kijiko, polepole, maana moyo wake hauna nguvu. Na Iliasi wangu alikuwa anakunywa. Ulicheka. “Hospitali gani hii bila serumu? Sisi si maskini!” Ukamubeba kwa pikipiki mpaka kwa muuza dawa rafiki yako, chupa nzima ikaingia mbiombio. Macho yakavimba, akahema kama mutu aliyekimbia, na wewe unaniambia: “Unaona? Anapata nguvu.”

Haya, shitaki. Nitafika, na nitasimama upande wa Anastasie, mbele ya ukoo wote.

Kanzu ya Idi uliyomushoneshea Iliasi kabla hajaugua imefika jana. Fundi wako ameifanya kubwa, ili aivae na mwaka ujao. Ninakurudishia. Itundike mahali utaiona kila asubuhi.

Ni mimi, Mama Iliasi. Mutaendelea kuniita hivyo.