Rimu za Matundu Manne

Ijumaa, 3 Januari 1992

Nimemgeuza Kukhu saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa. Mgongo haujachubuka. Uji amekunywa nusu kikombe. Mama alifariki mwaka juzi, na mwaka jana nyanya yangu huyu akapooza. Nilipomaliza mtihani Novemba, kumtunza kukawa kazi yangu kutwa.

Barua ya chuo cha uhazili iko chini ya godoro langu. Eldoret. Niripoti Jumatatu tarehe ishirini. Baba amekubali kwa sharti moja: kwanza Kukhu afikishwe Bungoma kwa Senge, dada yake Baba, ambaye ni mjane na ana nafasi. Kukhu hawezi kuketi. Makondakta wamemkataa mara mbili. Pikapu zote za majirani ziko kwenye foleni ya kupeleka mahindi. Limebaki gari letu, Datsun ndogo ya zamani, na limekaa juu ya mawe tangu Machi. Rimu, yaani vyuma vya magurudumu, zimeliwa na kutu.

Siku kumi na saba.

Jumamosi, 4 Januari

Mama Chebet wa kanisani alikaa na Kukhu. Baba alinichukua nibebe rimu moja ya zamani kama mfano. Tulienda kwa wauza vyuma karibu na Kipsongo. Wanaume tu. Nilitazama chini.

Rimu zetu ni za inchi kumi na mbili na tairi zake hazipatikani tena Kitale. Baba akataka za kumi na tatu. Mmoja wao, Fundi Simiyu, akaleta nne za gari lililopinduka. Baba akahesabu matundu. Manne. Gari letu lina boliti nne. Akaridhika. Hapa watu huhesabu matundu, basi.

Nilikuwa na rula ya shule mfukoni. Nikapima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalolitazama. Rimu yetu: milimita mia moja na kumi na nne. Hizi: mia moja na kumi. Nikapima tena. Zilezile.

"Huyu binti ni fundi cherehani?" mmoja akauliza.

"Anapimia Datsun rinda, bana!"

Wakacheka. Baba naye akacheka kidogo. Nikarudisha rula mfukoni.

Jumanne, 7 Januari

Jana jioni Fundi Simiyu alikuja kuzifunga. Boliti zilikataa kuingia. "Si tunapanua kidogo tu, mzee. Harafu itakaa." Akapanua matundu kwa tupa. Chuma kilianguka kama unga. Matundu yaliyokuwa duara yakawa kama mayai. Nati zikaingia. Baba akaliendesha kuzunguka boma mara mbili, akapiga honi.

Nati inatakiwa kuketi katikati ya tundu. Hizi zimeshika ukingo tu. Nilijua. Mzee mzima asingependa kusahihishwa na mtoto mbele ya fundi, na mimi mbele ya watu sauti hunipotea. Lakini hapa hakuna anayesoma, basi niseme kweli. Sikunyamaza kwa haya peke yake. Nilitaka gari liende.

Jumamosi, 11 Januari

Tumeondoka leo kwenda Bungoma, hatukufika hata Kiminini.

Baba alikuwa ameng'oa kiti cha abiria ili Kukhu alale amenyooka. Mimi nilijikunja nyuma, nimemshika kichwa. Usukani ulianza kutetemeka. Baba akasema barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa nzuri. Nilitaka kusema simama. Nikajiambia tutafika. Kisha nikaliona gurudumu letu la mbele likitupita, likaingia shambani kwenye mabua. Gari likaanguka upande, likajikokota.

Kukhu alijigonga bega kwenye mlango. Tangu apooze hana sauti. Alifungua tu mdomo.

Trekta la shamba lilitubeba sote kwenye trela hadi nyumbani. Gari likavutwa baadaye. Liko juu ya mawe tena.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda kanisani. Daktari wa zahanati anasema bega halijavunjika. Limevimba. Baba analaumu nati. Mimi ninalazimika kumgeuza kila baada ya saa tatu, na kila nikimgeuza anafungua mdomo.

Jumatano, 15 Januari

Hakuna cha kuandika. Uvimbe umepungua.

Ijumaa, 17 Januari

Senge ametuma ujumbe. Kuna Datsun kama yetu imevunjwa iuzwe vipuri kwenye karakana moja Bungoma, rimu zake nzima. Baba atakaa na Kukhu kesho. Mimi ndiye nitakayekwenda.

"Si wewe ndiye ulikuwa na rula?" akasema. Sijui alimaanisha nini. Nimepima kila kitu kwenye gari letu mara tatu na kuandika mkononi.

Jumamosi, 18 Januari

Bungoma, karakanani na Senge. Rimu za ile Datsun ziliuzwa Alhamisi. Mwenye karakana akanionyesha nyingine nne. Nikapima kati ya matundu. Mia moja na kumi na nne. Kisha nikapima tundu kubwa la kati, linaloingia kwenye habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Habu yetu ni milimita sitini. Lile tundu ni hamsini na saba.

"Hiyo ni kazi ya dakika tano," akasema. "Natia tupa hapa kati. Leo unabeba, kesho mnasafiri."

Kesho. Ningeripoti Jumatatu.

"Nekesa mama, chukua tu," Senge akasema. "Chuo kinakungoja."

Wanaume sita walikuwa wakinitazama. Nilisema hapana. Ilitoka kwa sauti kubwa, nikashtuka mwenyewe. Nikasema hizi hazifai, na zile za kwanza hazikufaa pia, na nilijua.

"Basi ngoja zingine zizaliwe," mwenye karakana akasema.

Nimerudi mikono mitupu. Baba alikuwa ameketi kando ya Kukhu. Nikamweleza yote, tangu siku ya rula. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwekea rula mkononi. Akaigeuzageuza.

"Na mimi nilicheka," akasema.

Jumatatu, 20 Januari

Wenzangu wameripoti leo. Nimefua mashuka, jua lilikuwa zuri. Nimeandikia chuo barua, nimeomba wanihifadhie nafasi hadi muhula wa pili. Nimeiandika mara mbili kwa mwandiko safi na kuifunga.

Mama Chebet ameenda sokoni. Posta hufungwa saa kumi na moja. Baba hutoka kazini saa kumi na mbili. Hakuna wa kubaki na Kukhu nikaipeleke.