Nimesoma Vitabu vya Mazingaombwe vya Mume Wangu, Sasa Nashangaa Kabla ya Wakati

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana jambo hili limenikaa kooni na wa kumweleza sina, wifi yangu nikimwambia atacheka hadi mtaa mzima ujue. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu hutengeneza miwani, tuna miaka kumi na tisa ya ndoa, ila mwenzangu ana ugonjwa mmoja, vitabu vya mazingaombwe, vile vinavyofundisha kupoteza sarafu kiganjani na kuitambua karata uliyoichagua, anavyo sabini na vitatu, vingine havina majalada, vingine ni viwiliviwili kwa sababu eti picha za mikono katika kile cha zamani ni nzuri zaidi, vimejaa kwenye rafu, vimehamia kabatini, na sasa vinalala na vitambaa vya wateja wangu.

Kila Jumapili tukishakula anakunja mikono ya shati, ananiketisha na kunionyesha alichojifunza, nami miaka yote nilikuwa napiga ukelele wa kweli kabisa maana sikujua kitu. Siku moja wifi alimwuliza mbele yangu, "Kaka, vitabu vyote hivi na michezo yako ni ileile sita! Unatafuta nini humo?" Wala hakukasirika. Akasema, "Kimoja kilinifundisha kushika karata. Kingine kikanifundisha kunyamaza mtu anapoitazama. Hiki cha jana sijui kitanifundisha nini, ndiyo maana nimekinunua."

Maneno hayo yaliniingia, basi miezi mitano iliyopita, yeye akiwa kazini, nikafungua kimoja niangalie picha tu, nikajikuta nimeliacha gauni la bibi harusi mezani halina mikono, nasoma. Pembeni mwa kurasa ameandika kwa penseli: "Hapa mke wangu alicheka." "Hapa aliangalia mkono wa kushoto, nichelewe kidogo." Na mahali pengine: "Huu nisiurudie, haukumfurahisha." Nikalia, nikacheka, nikafungua cha pili. Sasa nimemaliza kumi na kimoja, na vidole vilivyozoea sindano havihitaji kufundishwa mara mbili, sarafu naipoteza vizuri kuliko yeye, Mungu anisamehe.

Shida ni kwamba sasa naona kila kitu. Jumapili iliyopita nilipiga ukelele karata haijageuzwa. Akanitazama juu ya miwani yake. "Mke wangu, siku hizi unashangaa mapema." Tangu hapo hajagusa karata, na jana amemwuliza wifi kama kuna mtu anayetaka vitabu. Je, nimemwibia furaha yake? Nimwambie, au niendelee kuigiza?

Ni mimi, Mshangaaji wa Uongo.

MSHAURI ANAJIBU

Mshangaaji, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili wenzangu ofisini waache kuniuliza nacheka nini. Sasa tulia nikugombeze.

Kusoma vitabu vya mumeo si kosa. Kosa lako ni kumpa mshangao wa bandia mtu ambaye kwa miaka yote hiyo ameandika mahali hasa ulipocheka kicheko cha kweli. Ulidhani huyo hatajua tofauti? Anadhani umemchoka, bibi wewe! Anataka kuvigawa kwa sababu anaamini vimeshindwa kazi yao.

Wala usijidanganye kwamba umemwibia siri. Kama utamu ungekuwa siri, angetosheka na kitabu kimoja. Watu wa namna hii hununua kitabu baada ya kitabu ili wakutane na mtu mwingine aliyekaa peke yake chumbani, akahangaika na kidole gumba kilekile kisichotii. Mumeo amemtafuta mwenzake vitabuni, kumbe mwenzake yuko chumba cha pili, kajificha nyuma ya cherehani.

Fanya hivi: Jumapili mketishe yeye. Mwombe sarafu. Ipoteze, kisha ungama yote. Kwamba wewe ni hodari kuliko yeye usimwambie, atajionea.

Kwa kuwa siku zilikuwa chache, majibu haya nilimsomea dada huyu kwa simu, na Jumatatu akanipigia. Anasema sarafu ilipopotea, mumewe alimshika mkono, akaugeuza huku na huku. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Rudia," akasema. "Polepole."

Akarudia.

"Huo ni ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na mbili. Kile kisicho na jalada."

"Ukurasa huo umenishinda miaka minane!" Akainuka kwa kishindo, kiti kikaanguka, akamkumbatia mkewe na kuzunguka naye chumba kizima.

Vitabu haviendi popote. Ila dada ameniletea kesi mpya: cha sabini na nne kimefika, na kila mmoja anataka kuanza. Dada, kaeni kochi moja, mmoja asome kwa sauti, mwingine ashike karata. Na atakayefunua ukurasa kabla mwenzake hajamaliza, aoshe vyombo wiki nzima.