Vishikio vya Boti

10 Februari

Mwanangu,
Hatujambo, ila magoti yangu yananung'unika kila nipandapo ngazi. Dada yako anasema nayadekeza. Wewe je, kifua kimepona? Unakula?

Nakuandikia kuhusu boti yetu ya kuvushia watu. Vile vishikio vya alumini vimebanduka rangi tena. Juzi abiria alishuka na kiganja cheupe, akaniuliza siku hizi nauza chaki. Wewe kazi yako ndiyo hiyo huko. Nipake nini kitakachodumu?

Mama yako

2 Machi

Mama,
Shikamoo. Barua yako nimeisoma kabla sijavua viatu. Kifua kimetulia, sasa ni zamu ya mgongo.

Achana na rangi ya kopo. Maji yakipenya penye skrubu, inavimba na kutoka. Iko ya unga inayookwa kwenye oveni. Ni ngumu, lakini ikichubuka mahali pamoja, basi tena. Iliyo bora ni hii tunayofanya hapa: tunazamisha alumini kwenye tindikali, tunapitisha umeme, nayo inaota ngozi yake yenyewe. Hiyo haibanduki. Vifungue, uvipakie kwenye lori la mizigo, nitavishughulikia mwenyewe. Hutashika msasa tena maishani.

Nimekumbuka mwaka ule marehemu baba alipokanyaga rangi ya kijani akaenda nayo hadi jikoni, nawe ukamfuata na kitambaa ukimwita mjusi. Dada alicheka hadi akamwaga kopo lililobaki. Huku tunafanya kazi kimya, tumevaa barakoa.

Mwanao

20 Mei

Mama,
Shikamoo. Mko salama? Vishikio sijaviona. Kila lori likiingia naenda kuchungulia, hadi msimamizi anatania eti nasubiri mchumba. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Tu wazima, ondoa wasiwasi.

Vishikio nilivifungua, nikavifunga kwenye gunia, dada yako akavifikisha kwenye malori. Nikampigia simu arudi navyo. Alinuna hadi kesho yake.

Nisikufiche. Harusi ya dada yako hukuja. Nilipolazwa hukuja. Ulikuwa unakuja kupiga msasa na kupaka rangi tu, na sasa hata hilo umeliacha. Vikiota ngozi isiyobanduka, utarudi nyumbani kufanya nini? Nimenunua rangi ya kopo. Nimechagua inayobanduka.

Mama yako

1 Julai

Mama,
Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni, wenzangu wasinione uso.

Umesema kweli, sina la kujitetea. Nilijiambia nimechoka, na nimechoka kweli, lakini nyumba isiyo na baba ndiyo niliyokuwa naikimbia. Nimeomba likizo. Msimamizi amenipa nusu ya niliyotaka, akauliza kuna dharura gani. Nikamwambia kuna vishikio vya kupaka rangi. Akacheka, akadhani namtania.

Usifungue kopo hadi nifike. Hapa kazini nasifiwa kwamba kazi yangu haibanduki. Hivyo vya kwako, Mama, nitavipaka vibaya makusudi, rangi isifike mwakani.

Mwanao