Kiwanja cha Mshika Kamba

Dada Tabu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo nitahisi macho yako mgongoni. Unakumbuka ulivyonicheka niliporudi kutoka misheni kule Mahenge na kipande changu cha penseli? "Utamwandikia nani, Sikujua, na huku bondeni hakuna asomaye?" Haya, nakuandikia wewe, ambaye hukujua hata a. Cheka tena.

Masika yamekwisha na maji yamerudi mtoni. Mpunga umesimama vizuri, wa kwanza kusimama hivyo tangu Wadachi walipochoma maghala yetu wakati wa vita vya Maji Maji. Watoto waliokuwa wakila mizizi ya porini wameanza kupata mashavu. Ningependa uwaone.

Lakini kilichonifanya niandike ni kamba yako. Wameniletea mimi.

Ile ya magome, uliyopimia viwanja akida wa Wadachi alipotuamuru tutoke vichakani tujenge kwa mstari kando ya barabara, apate kutuona wote. Wanaume wengi walikuwa wamekufa vitani, ukaishika wewe. Akida alitaka mstari tu. Mengine yalitoka kichwani mwako. Kisima ukakiweka juu, jalala chini. Njia kati ya nyumba na nyumba uliipima kwa kupitisha watu wawili waliobeba kitanda, na juu ya kitanda ukanilaza mimi. Kitanda kikigusa ukuta, unapiga kelele, "Bado! Mgonjwa hapiti hapo!" Nami nikajifanya ninakata roho, watu wakacheka mpaka wakaniangusha.

Njia hiyohiyo tulikupitisha wewe. Hatukugusa ukuta wowote, Dada.

Nimekukasirikia, nawe ujue. Wazee wetu walituachia neno kwamba mshika kamba huchukua kiwanja cha mwisho, asije akajipendelea. Neno zuri, nalo lilifaa zamani tulipokaa huku na huku penye miinuko, maana wa mwisho alikuwa mbali kidogo na kisima, basi. Mstari wa akida unateremka mpaka kwenye tope. Cha mwisho kilikuwa cha mbu na vyura. Nikakusihi uje ukae kwangu, ukasema, "Nikihamia juu, nani ataamini kamba yangu?" Mvua zikaja, maji yakaingia mpaka kitandani, homa ikakushika. Uliaminiwa, ndiyo. Mimi ningetaka uwe hai.

Sasa wamekuja wajane watatu na watoto wao, kutoka milimani walikojificha tangu vita. Mmoja bado analala na mzigo umefungwa, tayari kukimbia. Akida akasema waunge mstari pale unapoishia. Pale unapoishia ni baada yako, Dada. Ndani kabisa ya tope. Watu wakaniletea kamba, wakasema mdogo wake ndiye wa haki, kapime.

Sikupima. Nilisema kamba ikatwe pima moja, mikono miwili ikinyooshwa, kila mtu kiwanja chake kipungue, mstari usogee juu, na wageni wakae pakavu pamoja nasi. Tope lilimwe mpunga wa wote. Ungesikia kelele! Mzee Matanji, jirani yako wa juu, alisimama na jembe lake: "Migomba yangu imekwisha kushika, mwanangu. Niing'oe kwa ajili ya watu nisiowajua?" Wengine wakamuunga mkono. Sikuwalaumu. Aliyekwisha kuchomewa nyumba hapendi kuguswa ukuta.

Basi nikawaomba jambo moja: tutembee mstari wote, na kila nyumba tuweke kiganja ukutani, chini karibu na sakafu. Tulianzia juu. Pakavu. Pakavu. Tulipofika katikati, watoto waliacha kucheza. Kwa Mzee Matanji palikuwa na unyevu, naye akauficha mkono. Kisha kwako. Hakuna aliyeingia tangu siku ile. Alama ya maji bado ipo ukutani, juu ya kitanda. Mzee Matanji akaweka kiganja, akakitoa kina tope, wakati huku nje jua linapasua ardhi. Alikitazama muda mrefu. Yeye ndiye aliyebeba upande wa kichwa chako.

Akasema, "Kata."

Nililia mbele za watu kama mtoto. Najua hupendi.

Tumesogeza mipaka. Nyumba zetu ni za fito na udongo, haikuwa kazi kubwa, ila migomba ya Mzee Matanji ilikwenda kweli, naye ananung'unika kila asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. Juzi nimemwona akimpelekea chipukizi mjane yule wa mzigo. Anamwonyesha jinsi ya kulipanda na huku ananung'unika. Mzigo umefunguliwa, vyungu vyake viko juani.

Nyumba yako tumeibomoa. Fito nzima nimezitumia, usinigombeze, ulinifundisha mwenyewe kutotupa kitu. Pale kilipokuwa kitanda chako pamepandwa mpunga, na wa kwanza kuvunwa utapikwa pamoja, nyumba zote, nasi tutakutaja kabla ya kula. Kile kipande cha kamba kilichokatwa nimekizungushia kaburi lako.

Lala, Dada yangu. Kamba nitaishika mpaka nipate wa kumwachia, na kila atakayekuja kujenga kwetu nitampitisha kwanza ukutani na kiganja chake. Desturi yako sikuivunja. Watu wote walipokwisha kuchagua, nilichukua kilichobaki. Ninaandika nimekaa mlangoni pa nyumba yangu mpya, kiwanja cha mwisho, mkono wangu uko ukutani.

Pakavu.

Mdogo wako,
Sikujua