Viazi Chini, Mimi Juu

Jumatatu, 15 Septemba
Nimebebwa tena. Mwenda na wanadarasa wenzetu wawili, kiti changu cha magurudumu na mimi juu yake, ngazi zote hadi chumba cha kompyuta. Sketi ikapanda mapajani. Wavulana wa kozi ya umeme walikuwa chini. Waligeuza macho, lakini walikuwa wameshaona. Darasani Madam Kathure akawapigia wabebaji makofi. Eti utu. Mimi nilikuwa nafunika magoti.

Jumanne, 16 Septemba
Nimekataa. Nimekaa chini ya ngazi somo zima. Mwenda ameshuka mara mbili.
"Si tukubebe tu, Kendi? Ni dakika mbili."
Mwenda ni mtu mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi, siwezi hata kumkasirikia.
Mbele yangu, stoo ya jikoni. Chumba kikubwa, madirisha mapana, magunia ya viazi. Mlangoni pana mteremko wa saruji, laini kabisa, uliojengwa kwa ajili ya mkokoteni. Viazi haviwezi kutembea, vikapewa chini. Mimi siwezi kutembea, nikapewa juu.

Jumatano, 17 Septemba
Ofisini kwa mkuu wa chuo. Nimeomba stoo iwe chumba cha kompyuta. Akasema viazi vinataka baridi, vikihamishwa vitaota. Nimezaliwa Kibirichia, kwenye mashamba ya viazi, najua vinataka nini. Nikamuuliza kama anajua mimi nataka nini. Akasema tuombe. Akaiombea miguu yangu, kwa sauti, mpaka karani akaitikia amina kutoka chumba cha pili. Sikufumba macho. Niliomba chumba, sikuomba miguu.
Baada ya amina akanikumbusha: mtihani ni Ijumaa, juu. Asiyekuwepo anarudia muhula.

Alhamisi, 18 Septemba
Mama amepiga simu. Maneno yamemfikia.
"Kendi, mwari wakwa, binti yangu, usisumbue walimu. Mtu akikubeba, sema asante."
Nimesema asante tangu darasa la kwanza. Zimeniisha.
Naogopa kurudia muhula. Naogopa sana. Na juu sibebwi.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimepanda mteremko wa mkokoteni peke yangu, bila mkono wa mtu mgongoni. Raha yake sijui niiandikeje. Nikafunga breki katikati ya magunia. Mpishi akaniuliza kama nimekuja kumenya.
Kengele ikalia. Madam Kathure akashuka, Mwenda nyuma yake, mikono tayari. Nikawaambia, "Nguvu mnazo. Bebeni kompyuta."
Nikajua muhula umekwenda.
Mwenda akapanda ngazi. Akarudi amekumbatia kompyuta, waya ukiburutika. Akafuata mwingine, na mwingine. Madam akatafuta soketi nyuma ya magunia, akachomeka.
Darasa zima tumefanya mtihani stoo, vumbi la Kibirichia puani. Mkuu alisimama mlangoni. Nilimwona. Sikuacha kuchapa.

Jumatatu, 29 Septemba
Viazi vimehamia nyuma ya jikoni, kompyuta zimebaki stoo. Havijaota. Mkuu hanisalimii. Maktaba bado iko juu, nayo nitaidai.
Siku zote darasani nilifika wakati wabebaji walipopata nafasi, nikawekwa palipobaki. Leo nimefika wa kwanza, kabla hata ya Madam. Chumba bado kinanuka udongo. Nimezunguka polepole kati ya meza, zote bado bila mtu. Nimechagua ya dirishani.