Simu Iliyoita Soga

Picha ya Ndege,
Kibaha.
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Kwa swahiba wangu Halidi,

Asalamu aleikum, na kwa upande wangu Tumsifu Yesu Kristo, ili tusigombee mlango. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kwamba lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Mimi ni mzima kwa maana ya hospitali. Bertha wangu amerudi kutoka Rombo na mikungu ya ndizi mingi kuliko midomo ya kuila. Anakusalimu na anauliza kwa nini siku hizi hupiti kwetu. Nimemwambia una shughuli za mikorosho. Ni uongo, lakini ukiulinganisha na mwingine utakaoukuta humu, huo bado unanyonya.

Utashangaa kuandikiwa barua mwaka huu, ambao hata wauza mkaa wanatumiana sauti kwenye simu. Tangu arobaini ya marehemu nimekupigia mara tatu. Ulipokea zote tatu, na zote tatu niliishia kukuuliza hali ya korosho. Nikaona mdomo wangu umeshindwa, tujaribu mkono.

Najua unavyosemwa huko Kisarawe. Najua dada zako wanasema ulimficha Tatu kifo cha baba yake, kaka yako Shomari, ili mtoto asiwepo watu watakapoanza kuzungumza habari za shamba. Siku ya arobaini ulimnyooshea Tatu mkono, akaupita kama mtu anavyoipita nguzo ya umeme. Ukasema tena kwamba ulimpigia asubuhi ile ile, simu ikaita, ikakatwa. Ukatoa na simu yako waone. Bi Hajra, jirani yenu, akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye masufuria, kwamba hata yeye anaweza kumbipu Mkuu wa Mkoa na kukata kabla haijaita. Wakacheka, msibani. Nilikuwepo, Halidi. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, na niliendelea kula.

Nivumilie nianzie mbali. Kocha hawezi kukueleza seti ya mwisho bila kukupitisha kwenye ya kwanza.

Unajua timu yangu ya wasichana ilivyoanza. Mimi ni fundi cherehani, na mpira wa wavu niliujua kwa kuchungulia. Miaka miwili nilishona sare za chuo kimoja kule Tumbi, na kila nilipopeleka mzigo nilibaki uwanjani nikitazama wenzangu wakiruka. Nikaokota kitabu cha sheria kisicho na jalada, nikakisoma hadi nikajua makosa ya mchezo kabla sijajua mchezo. Wavu wetu niliushona mwenyewe kwa chandarua cha kufunikia miche ya mboga. Wasichana wa Kiislamu niliwashonea hijabu zenye mpira nyuma ya shingo, zisivuke mtu akipiga smashi. Kwa upande wa nguo, hakuna timu iliyotufikia mkoa mzima. Mengine tulifikiwa na kila mtu.

Msimu ulianza Mei, na kati ya mechi sita za kwanza tulipoteza tano. Ya sita wapinzani hawakutokea. Aneth alikuwa akizuia mpira huku amefumba macho, na nilipomuuliza kwa nini, akasema akiuona anaogopa. Firdausi alikuwa akiuomba mpira msamaha kila akiukosa. Kule Kwala, simu ya Aneth iliita benchi katikati ya mechi. Akatoka uwanjani, akapokea, akamweleza mama yake kirefu mahali alipoweka chumvi. Mashabiki wa Kwala walituimbia chumvi hadi tunapanda gari. Kuanzia wiki ile nikaweka sheria. Siku ya mechi simu zote zinaingia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, ya kwangu ikiwa ya kwanza, na ndoo nakaa nayo mimi.

Aliyetuokoa ni Tatu. Uliponiletea mtoto huyo Januari, na tranka lake na begi la daftari, uliniambia baba yake figo zimemkalia vibaya na nyumba imekuwa ya wagonjwa, kwa hiyo akae kwangu asome kidato cha tatu kwa utulivu. Uliniambia nimhesabu kama mwanangu. Hukuniambia ana mikono ile. Mwishoni mwa Mei nilimjaribu, nikamweka kuwa seta, yule anayewapangia wenzake mpira wa kupiga, na ghafla timu ikawa na kichwa. Alimwambia Aneth asifumbe macho, afumbe mdomo. Firdausi alimkataza kuomba msamaha hadi mechi iishe, ndipo aombe mara moja kwa yote. Mimi nilikuwa nimehangaika nao miezi minne na kitabu mkononi. Yeye aliwanyoosha kwa wiki tatu, akitafuna karanga.

Juni tukaanza kushinda. Kila Jumapili Tatu alimpigia baba yake na kumsimulia mechi pointi kwa pointi. Marehemu hakuuelewa mchezo. Aliwahi kumuuliza kama golikipa wao ni mzuri. Lakini alimwambia wakichukua kombe amletee medali aivae hata kwa siku moja, maana shingoni mwake hakujawahi kukaa kitu zaidi ya taulo. Tatu aliyachukua maneno hayo kama mkataba.

Na wewe ulimnunulia kile kitochi chekundu, simu ndogo ya vibonye. Mbele yangu, barazani kwangu, mlikubaliana naye jambo. Jumapili atapiga yeye. Wewe hutampigia kamwe, umwache asome, ila siku ambayo imebidi. Akiona jina lako kwenye simu ile, asiulize, aanze safari. Nakukumbusha kwa sababu kuna aliyeyasikia makubaliano hayo zaidi yenu wawili.

Fainali ilikuwa Soga, Jumamosi ya tarehe ishirini na sita Julai. Tulipangiwa saa tano asubuhi. Kwenye saa nne na nusu wasichana walikuwa wanapasha misuli, na refa alikuwa bado harusini kwa mpwa wake, akila. Mimi nilikaa juu ya tofali, ndoo kati ya miguu. Yaliyofuata watu wote wanayajua. Refa alifika saa saba. Tukaanza saa saba na nusu, tukaenda seti tano, na ya tano tukaichukua kumi na tano kwa kumi na tatu, kwa mpira ambao Tatu aliupanga akiwa amepiga magoti. Aneth aliupiga akiwa amefumbua macho yote mawili. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Wakamrusha juu Tatu, wakanirusha na mimi, wakaniangusha. Akavaa medali, akachukua treni Soga hadi Pugu, na bodaboda hadi kwenu.

Alikuta turubai. Alikuta wanawake wamekaa kwenye mikeka na jeneza limekwisharudishwa msikitini, tupu. Nimesikia kwamba uliwaomba wazee wangoje baada ya swala ya alasiri, ukasimama barabarani kutazama kila pikipiki, mpaka imamu akakuambia kwa upole kwamba maiti haina haja ya kungoja. Nimesikia kwamba Tatu aliingia na medali shingoni, akauliza baba yuko chumba gani.

Sasa nakuandikia lile ambalo hujalisikia.

Saa nne na dakika arobaini, ndoo iliita. Kwa kawaida huwa siifungui. Nikaifungua. Ni kitochi chekundu, na juu yake imeandikwa Baba Mdogo Halidi. Treni ilikuwa haijapita bado. Ilipita baadaye kidogo kuelekea Pugu, niliiona kwa macho yangu, na mabehewa yake yalikuwa na nafasi. Angefika kabla ya adhuhuri. Angemkuta baba yake bado yuko nyumbani, angemfunua uso, angemuaga.

Nikaikata. Kitochi hakina namba ya siri. Nikaingia kwenye orodha ya waliopiga, nikalifuta jina lako. Kisha nikaizima simu yenyewe, kwa hiyo ulizopiga baadaye hazikuacha alama. Nikafunika ndoo. Kazi yote haikuzidi muda wa kutunga uzi kwenye sindano.

Nilijiambia kwamba pengine kaka yako amezidiwa tu. Nilijiambia mechi itaisha saa saba na mtoto atawahi. Nilijiambia kwamba kwetu Rombo marehemu hungojwa hata wiki, mpaka wa mwisho afike kutoka Mbeya. Lakini Rombo nimeihama miaka ishirini na mbili iliyopita. Nimezika na ninyi mara ngapi, Halidi? Nimeshika jeneza lenu begani. Nilijua saa za maziko yenu kuliko nilivyojua saa ya refa. Na saa ilipofika saba, na saa nane, na tisa, kila baada ya seti nilikuwa na nafasi ya kumwita pembeni. Kila mara niliona tunaongoza, au tunakaribia kuongoza, au tumefungana. Mpira wa wavu ni mchezo mbaya kwa mtu wa aina yangu, kwa kuwa daima imebaki pointi moja.

Na kuna lililo baya zaidi. Baada ya mechi nilimrudishia simu yake nikamwambia betri ilichomoka ndani ya ndoo. Alikuwa anatetemeka kwa furaha, hakusikiliza. Alisema anaenda Kisarawe sasa hivi. Ningeweza kumwambia aivue ile medali. Ningeweza hata kunyamaza. Nilimwekea vizuri utepe shingoni, kama fundi, nikamwambia aende akamwonyeshe baba.

Siku ya pili ya matanga uliniuliza, tukiwa wawili nyuma ya nyumba, kama mimi niliyekaa na zile simu sikusikia chochote. Nikakujibu kwamba ndoo ina mfuniko. Ni kweli ina mfuniko. Ndivyo nilivyo, nikidanganya natumia maneno ya kweli, ili nikifa wasinikamate. Ukanishika bega ukasema hunilaumu. Toka siku hiyo lile bega siwezi kulilalia.

Ningeweza kuendelea hivyo. Watu wanaishi na makubwa kuliko haya na wanapata usingizi. Lakini Jumapili iliyopita, shule ikiwa imefunga likizo fupi, nilimwambia Tatu ajiandae kuja kwenu. Akasema haji. Akasema baba yake mdogo alimnyima uso wa baba yake, na mtu wa namna hiyo hatamwamkia tena duniani wala hatakula kwake. Kisha akasema, mbele ya Bertha, kwamba baba aliyebakiwa naye ni mimi. Bertha alilia kwa furaha, unajua hatukujaliwa mtoto. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mkasi. Nilikuwa nimekunyang'anya jina, na sasa ninapewa mtoto wako pia, na mke wangu ananishukuru.

Juzi nilimwita nimweleze. Akaja, akakaa, akasema ndiyo baba. Nikamuuliza kama hijabu inambana.

Kombe liko hapa juu ya cherehani. Ndani yake Bertha ameanza kuweka vifungo. Timu nimeivunja. Nimewaambia wasichana magoti yamechoka, wameniamini, Firdausi ameniomba msamaha. Sitashika ndoo ya mtoto wa mtu tena. Sikuandikii unisamehe, na nakuomba usiniharakishie hilo. Ungekuwa mwepesi mno, nakujua, ungesema ni kadari, nami ningekwenda kujificha ndani ya neno hilo.

Ninachokuomba ni kimoja. Anayekuletea barua hii ni Tatu mwenyewe. Amekubali kuja kwa sababu nimemwambia bahasha ina vipimo vya suruali yako ambavyo lazima uvisahihishe leo. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwake. Ameniapia kwamba atakukabidhi, atangoja vipimo bila kuketi, na kugeuka, kwa hiyo sasa hivi, unaposoma hapa, huenda amesimama mlangoni anasubiri bahasha yake, na hajakuamkia.

Mwite. Asipoitika, mwambie kocha amesema, maana bado ananitii, mpaka dakika hii. Mpe kiti. Watume watoto wamwite na Bi Hajra, aliyesema mbele za watu asikie mbele za watu. Kisha rudi juu kabisa, palipoandikwa jina lako, uwasomee kwa sauti mpaka mwisho, usiruke kitu. Usiniite nije kueleza. Nikija nitaongea, na nikiongea nitaipamba, na ninyi watu wa Kisarawe mnapenda mtu anayeongea vizuri.

Tranka lake liko tayari. Bertha amelifunga tangu asubuhi bila kujua ni la nini, nami nitamwambia akitoka sokoni. Likihitajika nitalileta hadi kituo cha Pugu, siyo zaidi ya hapo.

Nisalimie dada zako, na wazee wa msikitini waliosimama nawe barabarani siku ile. Marehemu Mungu amlaze pema. Tatu sina salamu ya kumtumia. Mwambie tu kwamba baba yake mdogo alimpigia saa nne na dakika arobaini, na simu iliita.

Aliyekuwa rafiki yako,
Melkiori, fundi cherehani