Vitunguu vya Kianjai, Stokingi za Mikinduri

Jumatatu, 15 Juni
Nimegeuza vitunguu nilivyoanika, tangu asubuhi. Upande wa chini sasa uko juu. Shingo bado mbichi kidogo, nikibonyeza inateleza. Siku tatu tena ndio nikate majani.

Jua ni dogo. Ukungu mpaka saa nne.

Kianjai yote wanapanda vile vyekundu. Vyekundu vinakaa miezi na miezi. Mimi nilipanda hivi vya njano, vitamu, mtoto anakula mbichi na hatoi chozi. Shida ni moja. Havikai. Vina maji mingi na ngozi nyembamba. Kila mtu ameniambia, hata wale sikuwauliza.

Mama amesema hivi. Vikikaa mpaka siku shule zifunguliwe Septemba, wakati vitunguu vimepotea sokoni, shamba ya chini kando ya mfereji ni yangu, nipande matikiti. Vikioza, anampa Anko Gitonga apande miraa. Anko ni ndugu ya marehemu baba. Miraa ikiingia kwa shamba haitoki. Hata mjukuu wangu ataikuta hapo.

Naitaka hiyo shamba. Sijaambia mtu vile naitaka.

Alhamisi, 18 Juni
Nimekata. Nimeacha shingo ya vidole viwili. Mama amenisaidia kubeba mpaka stoo, tukavimwaga kwa kile kitanda cha fito tunawekea mahindi.

Anko alifika na baiskeli. Amebeba miche ya miraa kwa mikebe ya zamani. Ameipanga nyuma ya jikoni yetu, ati ingojee Septemba ikiwa karibu na kwake, yaani shamba ya chini. Kwake! Akachungulia stoo.

"Kirimi, hawa wagonjwa wako wamelazwa wodi gani?"

Mama alicheka. Mimi pia nilicheka. Jibu lilikuja baadaye nikikamua ng'ombe. Lilikuwa jibu tamu sana. Limeharibika bure.

Jumatano, 24 Juni
Kibugu, kwa shangazi. Nimekuja kumsaidia kuchuma chai siku nne, mgongo unamuuma. Baridi ya huku inatoka msituni na haina huruma. Vidole vimekuwa kijani.

Shangazi anaongea akichuma, na hapumziki katika hizo kazi mbili. Nimemwambia habari ya vitunguu. Akasema zamani alifanya kazi ya nyumba kwa mama mzungu mwenye shamba. Huyo mama alikuwa na vitunguu vitamu kama vyangu. Alikuwa anavitia kwa stokingi zake zilizotoboka, zile soksi ndefu za nailoni za wanawake. Kitunguu kimoja, fundo. Kingine, fundo. Halafu anatundika juu. Kimoja hakigusi kingine na hewa inapita kote. Ukitaka kimoja unakata chini ya fundo.

Nilifikiri ni mzaha. Shangazi hakuwa anacheka.

Jumamosi, 27 Juni
Nimerudi. Nimekasirika.

Mama ameweka majivu. Kwa vitunguu! Amenyunyiza juu na chini na katikati kama maharagwe, halafu akafunika na magunia. Alikuwa ananisaidia. Maharagwe yetu yanakaa mwaka mzima kwa majivu bila mdudu, kwa hivyo alifikiri ni sawa. Lakini majivu imenyonya ukungu yote ya wiki hii. Imekuwa kama uji. Chini kabisa vitunguu vimeanza kulainika, na harufu iko.

Nilibeba vyote nje, nikapangusa kimoja kimoja na kitambaa kavu. Debe moja nzima nimetupa. Mama alisimama mlangoni. Baadaye akaja akanipa ufunguo ya stoo mkononi.

"Sitaingia tena mpaka hiyo siku," akasema. "Isije ikasemwa ni mkono wangu ulikuharibia."

Hasira iliisha hapo hapo. Hiyo ni mbaya, nilikuwa nimeipanga iishe kesho.

Jumatatu, 29 Juni
Nimewaza stokingi siku mbili. Kianjai siwezi. Kila mwenye kuuza mitumba ananijua, na kama hanijui anamjua mama. Nitaenda Mikinduri na baiskeli, Jumamosi. Huko hakuna mtu ananijua.

Jumamosi, 4 Julai
Nimefika Mikinduri saa tatu. Nimezunguka soko mara nne. Nimenunua kamba sikuwa nataka. Nimenunua chumvi.

Iko msichana anauza mitumba karibu na mti wa posta, Kananu, nilisikia wenzake wakimuita. Stokingi ziko kwa kikapu mbele yake, rundo nzima, zimeshikana kama nyoka. Nikasimama. Nikaangalia mashati.

"Baite, wewe kijana, unanunua ama unalinda?"

Nikaonyesha kikapu na kidole.

"Stokingi? Saizi ya nani?"

Nikasema saizi yoyote. Nikasema nataka zote.

Aliangalia kikapu, akaniangalia. Wenzake wakageuka. "Zote," akasema. "Kwani huyo mama ana miguu mingapi?"

Soko yote ilicheka, naona hata mbuzi. Masikio yangu yalichemka. Lakini nilizipata, na zilizotoboka aliniongeza bure. Nimepanda milima yote kurudi bila kusikia uchovu, ni aibu ilikuwa inasukuma baiskeli.

Jumatatu, 6 Julai
Mama ameenda kikundi cha kina mama. Nimejifungia stoo. Kitunguu, fundo, kitunguu, fundo. Ya kwanza nilivuta sana ikapasuka vikamwagika vyote. Sasa mkono umeshika. Nailoni inanikwama kwa vidole, ngozi yangu ni ngumu. Nimetundika kwa boriti zote. Nikifungua kadirisha upepo unapita katikati na vinacheza kidogo.

Ni vizuri kuangalia. Nilikaa nikaangalia.

Alhamisi, 9 Julai
Hakuna kilichooza. Miche ya Anko imekauka midomo. Nimeimwagilia maji. Haina makosa.

Jumapili, 12 Julai
Leo sitasahau.

Baada ya kanisa kina mama saba walikuja kwetu na ndizi na chai ya maziwa kwa birika kubwa. Mama alikuwa amevaa ile leso nzuri. Nikafikiri kuna maombi. Kumbe mimi ndio maombi. Mama Nkatha, anaimba mbele kanisani, alikuwa Mikinduri siku ile. Aliona kila kitu. Ameambia watu ati Kirimi amepata msichana, na ni msichana wa mjini, kwa sababu ananunuliwa stokingi gunia nzima.

"Tuambie ni wa nyumba gani," akasema. "Tusije tukapeleka asali ya posa kwa boma si yake."

"Na atalima na hizo stokingi?" mwingine akauliza. "Matope ya mfereji itamfika hapa!" Akaonyesha paja.

Mama alikuwa ananiangalia. Alikuwa na furaha na hofu pamoja. Hiyo ndio ilinimaliza. Nikachukua ufunguo, nikaenda stoo, wakanifuata wote. Nikafungua mlango.

Mama Nkatha aliona miguu. Miguu ya nailoni mingi sana, imefura kila mahali, inaning'inia gizani. Alipiga nduru akamkanyaga mwenzake. Halafu mmoja akashika, akabonyeza.

"Ni vitunguu!"

Walicheka mpaka wawili wakakaa chini kwa majani. Mama alicheka na machozi. Sijui kama machozi yote ilikuwa ya kucheka. Nikawaeleza fundo na hewa. Sijawahi kuongea na watu wanane mara moja. Walisikiliza.

Jumanne, 14 Julai
Mama Nkatha ameleta stokingi zake nne za kanisani, zilizopasuka. Mwingine ametuma mbili na mtoto. Wanataka mbegu. Anko amepita, amesikia yote, akaniuliza bibi harusi wangu anaendelea aje. Nikamwambia hajaoza bado.

Nilimjibu saa hiyo hiyo! Anko akapiga kengele ya baiskeli tu.

Jumamosi, 25 Julai
Mikinduri tena. Leo ni matikiti. Sijanunua mbegu, nimekaa tu kwa jiwe nikaangalia nani ananunua gani.

Yako aina tatu. Krimson, kubwa, ina mistari, tamu. Chalestoni, ndefu kama mto wa kulalia, rangi ya majivu. Shuga Bebi, ndogo, mviringo, kijani nyeusi.

Krimson wananunua wenye hoteli na wenye kukata vipande. Kila mtu anaisifu. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu cha mboga anaishika, anaipima, anairudisha. Nimeona hiyo mara nyingi leo. Halafu anachukua Shuga Bebi nzima, inaingia kwa kikapu, anaenda. Chalestoni moja ilianguka kwa mkokoteni, ikapasuka, watoto wakaimaliza kabla mwenyewe hajageuka.

Kananu alikuja kusimama mbele yangu. Akasema nimekaa hapo tangu asubuhi naangalia kibanda yake, niseme nataka nini. Kweli, matikiti yalikuwa nyuma ya kibanda yake. Nikamwambia naangalia matikiti. Akageuka akayaona.

"Basi ni sawa," akasema. Lakini hakuonekana kama ni sawa.

Nimefikiria hiyo njia yote.

Jumapili, 9 Agosti
Nimenunua tikiti moja ya kila aina, nikampikia mama chai, nikamwambia aonje akiwa amefumba macho. Alikataa kufumba. Alisema macho ndio yanakula kwanza. Basi akaonja hivyo.

Krimson alisema ni sukari. Chalestoni alisema ni maji ya kunawa. Shuga Bebi alikula kipande, akaongeza, akatema mbegu kwa mkono akazihesabu. Nyingi. Akasema mbegu nyingi ni kazi ya mdomo lakini hii anaweza kubeba mwenyewe kutoka soko bila kuniita.

Nimeamua. Ikiwa shamba itakuwa yangu.

Jumanne, 18 Agosti
Mvua! Agosti! Siku ya tatu sasa. Sio kubwa, ni ile ya kukaa tu hewani. Mabati ya stoo inatoa jasho kwa ndani. Matone yanaanguka kwa vitunguu. Nimetandaza magunia juu ya boriti. Nimefungua kadirisha, nikafunga, nikafungua.

Iko harufu. Kidogo. Sijui inatoka wapi.

Anko amekuja kuangalia miche yake. Imekuwa mizuri, majani mekundu yametoka. Amenishukuru. Alivuta hewa na pua akaangalia stoo. Hakusema mzaha. Hiyo iliniogopesha kuliko mzaha.

Jumatano, 19 Agosti
Nimenusa kila stokingi. Kila moja, kama mbwa. Nimepata kwenye kona ya nyuma. Kitunguu kimoja katikati kimekuwa maji, kinadondokea chenye kiko chini. Nimekata juu ya fundo na chini ya fundo, viwili vimeenda. Vilivyobaki vizima, vikavu, vinalia kama karatasi nikivigusa.

Vingekuwa kwa kitanda cha fito hiyo maji ingefika kila mahali. Nilikaa chini.

Jumatatu, 31 Agosti
Imebaki wiki moja. Jua limerudi. Sili vizuri. Mama hajauliza na haingii, alivyosema. Leo nilimuona anatembea shamba ya chini peke yake, polepole, mikono nyuma. Alikuwa anaiangalia kama kitu cha kupeana. Sijui kwa nani.

Jumatatu, 7 Septemba
Watoto wamepita na sare asubuhi. Mama alikuja stoo na Anko.

Anko alishusha stokingi ya kwanza, akabonyeza kila kitunguu. Ya pili. Ya tatu. Alitaka sana kupata kimoja laini, nilimuona kwa uso, na simlaumu. Alipata viwili tu kwa stoo nzima. Mama alikuwa anangoja, ameshika leso.

Halafu Anko akakata kimoja na kisu ya miraa, akakichungulia, akauma. Mbichi. Akatafuna. Akauma tena. Akamaliza kitunguu nzima amesimama, hakuna chozi.

"Hii ni tunda," akasema. "Umenidanganya tangu Juni ati ni kitunguu."

Mama hakucheka. Alisema tu, "Gitonga, uliangalia mwenyewe." Anko akasema ndio, ameangalia. Akasema mvua ile ya Agosti alijua imenimaliza, alikuwa hata ametafuta vijana wa kuchimba mashimo. Akaniuliza ni matikiti gani. Nikamwambia, na sababu. Nilimwambia ya kikapu na ya mama mwenye mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho.

Amebeba miche yake. Safari tatu za baiskeli. Ya mwisho nilimsukumia mpaka barabarani.

Mwenye hoteli wa mjini anachukua vitunguu Alhamisi. Vichache nimeweka kando, vya kupeleka Mikinduri mimi mwenyewe. Nimeshajua nitasema nini. Naandika hapa nisisahau. Jambo, Kananu.

Jumamosi, 12 Septemba
Nimefungulia maji ya mfereji jioni ya jana. Asubuhi udongo ulikuwa laini.

Mashimo nimepima kwa hatua, nimetia mbolea ya ng'ombe ya zamani. Mbegu tatu kila shimo. Ndogo, nyeusi. Shuga Bebi.

Nilikuwa mstari wa pili mama akateremka na jembe yake. Hii shamba amelima tangu aolewe. Kila siku ni yeye ananiambia nianzie wapi, wapi nifike, wapi niwache. Alisimama kwa ukingo, akavua viatu, akaviweka pamoja kwa nyasi.

Akaniuliza aanzie wapi.

Nikamuonyesha.